Mjadala: Zeus anapanda lifti New York, Luanda Magere amekwama kwa karatasi ya mtihani. Watoto wetu wasome nini?

Baba Imani, Free Area Nakuru:
Hamjambo wote. Naleta hii maneno hapa kwa sababu kule kwa grupu ya wazazi wa darasa imefungwa, hedi ameweka tuwe tunasoma tu bila kujibu, na kusema ukweli tulikuwa tumeanza kukosana heshima.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna pesa kidogo ya wazazi ilibaki, mwalimu wa darasa akapendekeza tununue vitabu vya kusoma vya kujifurahisha, mbali na vile vya kozi, akataja vile vya Percy Jackson kwa sababu watoto wamekuwa wakiazimana nakala moja mpaka kava imetoka na kurasa za mwisho zimeshikwa na selotepu. Usiku huo mzazi mmoja akapiga picha ukurasa wenye Medusa, yule mama wa nyoka kichwani, akaituma na kuuliza "hii ndio tunalipia?" Basi moto ukawaka. Huyu anasema mapepo, yule anasema ukoloni, mwingine bei, kuna mmoja hata aliuliza mbona tusiongeze vitabu vya hesabu.

Kwa wale hawavijui, viliandikwa na Rick Riordan, aliyekuwa mwalimu wa shule kule San Antonio, Texas. Mtoto wake alikuwa na ile shida ya herufi kuchanganyika mbele ya macho, tena hatulii mahali, na shuleni alipenda tu hadithi za Wagiriki wa kale. Baba akawa anamsimulia usiku, za kale zikaisha, mtoto akataka mpya, ndio akabuni Percy, kijana wa New York ambaye babake ni Poseidon, mungu wa bahari, na kijana mwenyewe hana habari. Kitabu cha kwanza kilitoka 2005, cha tano 2009. Mule ndani Olympus, makao ya Zeus na miungu wenzake, iko juu ya Empire State Building, ghorofa ya 600, unapanda na lifti. Ares wa vita anaendesha pikipiki. Medusa ana duka la sanamu za bustani kando ya barabara New Jersey, na zile sanamu ni watu walioingia wakamtazama. Mlango wa kuzimu uko Los Angeles, kwa studio ya kurekodi muziki.

Msimamo wangu: vinunuliwe. Wagiriki hawanisumbui hata kidogo. Kinachonikera ni kuona mwalimu mmoja amechukua miungu iliyokuwa imelala kwa mavumbi akaileta mjini ikapanda lifti, na sisi hadithi zetu mtoto anakutana nazo wapi? Kwa ufahamu. Soma kifungu kifuatacho kisha ujibu maswali. Luanda Magere, yule shujaa wa Waluo, anakufa kila muhula ili mtoto apate alama tano. Karibuni, lakini tuheshimiane.

Mama Shiru, Lanet:
Baba Imani salamu. Mimi napinga, na mtu asiniambie sijasoma, kile cha kwanza nimekisoma chote hapa saluni nikingoja wateja. Ni kitamu, sikatai, na hapo ndio shida iko. Kuna mahali hao watoto wa miungu wako kwa kampi yao, kabla ya kula kila mmoja anachukua sahani yake anaenda kwa moto, anatupa kile kipande kizuri kabisa na kuita jina la mungu wake. Imeelezwa vizuri mpaka unasikia moshi ukinukia. Msichana wangu akaniuliza, mum mbona sisi tunaombea chakula tu na hatutoi kitu? Mimi ni mwalimu wa sandeskuli, nimjibu nini? Watu wanasema ah, ni hadithi tu. Kwani Biblia tunawafundisha hawa watoto kwa kutumia nini kama si hadithi? Daudi na Goliathi, Yona na samaki. Hadithi ndio huingia mtoto, mahubiri hulala nayo usingizi. Sasa mkinionyesha hadithi yenye nguvu hivyo halafu mniambie haina kitu inafanya ndani ya kichwa cha mtoto, mnanidanganya.

Kijana wa Kondele:
Mama Shiru umesoma kitabu chote ndio ukikatae? Wewe ndio tunataka bungeni.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega:
Mulembe jamani. Mama Shiru, hilo swali la binti yako ni zuri sana, ningekuwa darasani ningeacha somo tulijibu. Lakini nikuulize, wewe kama mwalimu wa sandeskuli huwa unawafundisha Matendo ya Mitume sura ya 14? Paulo na Barnaba wanafika Listra, wanaponya kiwete, watu wanawaona wanaanza kupiga kelele kwamba miungu imeshuka, Barnaba wakamwita Zeu na Paulo wakamwita Herme, na kuhani akaja na ng'ombe tayari kuwachinjia. Mtoto ambaye hajui Zeus ni nani hiyo sura anaisoma vipi? Na sura ya 19, ghasia za Efeso, wafua fedha wanaogopa biashara ya sanamu za Artemi itaanguka. Hiyo ni Biblia yetu wenyewe na imejaa Wagiriki.

Na kuna kitu zaidi. Unajua kwa nini wale wa Listra walikuwa na haraka hivyo ya kuchinja? Pande zile kulikuwa na hadithi ambayo mshairi Mrumi, Ovid, aliiandika, kwamba Zeus na Herme waliwahi kutembea wamejifanya wasafiri, wakabisha nyumba hadi nyumba wakafukuzwa, isipokuwa wazee wawili maskini waliowapokea na kuwapikia. Mji wote ukazama majini, nyumba ya wale wazee ikabaki. Sasa mtu wa Kendu Bay aniambie hiyo amesikia wapi. Simbi Nyaima! Bikizee amekuja kwa sherehe amefukuzwa kila mahali, mama mmoja tu amemkaribisha, akaambiwa atoke na watu wake, usiku mvua ikanyesha kijiji kikazama, leo ni ziwa na unaweza kwenda kulizunguka kwa miguu. Mimi nikiwa darasani nilikuwa nasimulia hizo mbili pamoja, ya Ovid na ya Simbi, na sikuwahi kuona mtoto ameenda kuabudu Zeus. Walikuwa wanaenda nyumbani kuuliza nyanya zao.

Tena kwa huo mwanzo mwanzo wa kitabu chenyewe, mzee Chiron, mwalimu wa hiyo kampi, anamwambia kijana wazi kwamba Mungu mwenye herufi kubwa ni mambo mengine, hapo hawaingii. Mwandishi alijua atakutana na akina Mama Shiru.

Mama Shiru, Lanet:
Mwalimu hiyo ya Listra nakubali naifundisha. Lakini Paulo alirarua nguo, hakupanda lifti.

Kijana wa Kondele:
😂😂 Mwalimu kaa chini.

Abu Zaynab, Mumias:
Asalam aleikum. Kwangu nyumbani watoto wamevisoma na mimi nimeketi nao, tumeelewana kwamba hayo ni mambo ya watu wa kale, kama vile tunasoma habari za Firauni. Mtoto ukimwacha peke yake na kitu chochote, hata katuni ya paka, lazima kitamlea.

Ila nataka kuongeza kitu kwa ile ya Mwalimu. Hizi hadithi zinafanana kwa njia ya kushangaza. Achilles wa Wagiriki mwili wote haudhuriki isipokuwa kisigino. Fumo Liyongo wetu wa pwani, yule ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu alimwandikia utenzi 1913, hafi mpaka achomwe sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe wa kumzaa. Na Luanda Magere wa Kano mwili ni jiwe, mkuki unadunda, lakini kivuli chake kina damu. Kisigino, kitovu, kivuli. Kati ya hao watatu ni nani anatisha zaidi? Mimi nasema Liyongo, kwa sababu alipochomwa alitoka akapiga goti karibu na kisima, upinde umevutwa, akafa vile vile, na watu wa mji wakakaa siku nyingi bila maji wakiogopa kumkaribia maiti. Sasa hiyo ikichorwa na mtu anayejua kuchora! Lakini mtoto wangu anajua kisigino peke yake.

Otis, Milimani Kisumu (simu ni ya mathe):
Samahani wakubwa naingilia, mimi niko Grade 9 na hivyo vitabu nimesoma vyote vitano pamoja na vile vingine vilifuata. Kwanza Abu Zaynab umesahau Percy mwenyewe, kwa kitabu cha tano anaoga kwa mto Styx wa kuzimu na anakuwa hawezi kudhurika isipokuwa pointi moja chini ya mgongo, na anaichagua yeye. Pole kwa wale hawajafika hapo.

Pili mnajadili dini na utamaduni na hakuna mtu ametuuliza mbona tunasoma. Tunasoma kwa sababu inachekesha. Percy anaongea mwenyewe tangu mstari wa kwanza, anakuambia funga kitabu kama unajijua wewe ni wa damu hiyo ya nusu mtu nusu mungu, halafu anafukuzwa shule, anachukia walimu wengine na hasemi pole. Vitabu vyetu vya hadithi mtoto lazima awe na adabu, anaamka mapema, anasaidia mama, ukurasa wa pili unajua yule rafiki yake mbaya ataumia, na mwisho kuna "tunajifunza nini". Ata kama kuna zimwi, zimwi linafundisha usiende mtoni jioni. Tumeelewa, hatutaenda.

Tatu, Percy hawezi kusoma vizuri, herufi zinaruka, na wanamwambia ni kwa sababu akili yake imeundwa kwa Kigiriki cha kale. Kuna msee darasani kwetu aliitwa mjinga mpaka akazoea. Alisoma hiyo sehemu mara mingi. Sitasema mengi.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega:
Otis kijana wangu, hiyo ya tatu peke yake ingetosha kununua hivyo vitabu. Endelea kusoma.

Mimi lakini nina lalamiko moja na huyo Riordan, na si yake peke yake. Medusa kwa Ovid alishikwa kwa nguvu na Poseidon ndani ya hekalu la Athena, halafu Athena akamwadhibu yeye aliyeonewa. Ni hadithi ya uonevu, inauma. Kwa kitabu cha watoto imekuwa Medusa na Poseidon walikuwa wapenzi na wakafumaniwa hekaluni. Naelewa, huwezi kumwambia mtoto wa miaka kumi kila kitu, hata Mmarekani mwingine Nathaniel Hawthorne aliwachuja hao Wagiriki kwa watoto huko nyuma 1851. Lakini ukichuja sana yule aliyeonewa anabaki zimwi tu la kukatwa kichwa. Nasikia ile ya tivii iliyotoka Desemba 2023 walijaribu kumpa Medusa nafasi ajieleze. Vizuri.

Chebo, Molo:
Hiyo tivii mimi naijua kwa sababu moja. Yule msichana mwerevu, Annabeth, walimpa mtoto mweusi aigize, Leah Jeffries, na 2022 watu wazima huko Marekani wakamtukana mtoto kwenye mitandao mpaka mwandishi akalazimika kuandika kumtetea. Binti yangu yeye aliona tu nywele zimesukwa kama zake akakaa chini akaangalia. Mengine alijua baadaye.

Jakano, Ahero:
Nimesoma kimya mpaka hapa. Misawa uru. Wacha niseme ile kitu hamtaki kusikia. Wagiriki wanachezewa kwa sababu wamekwisha. Hakuna mtu Athens atakasirika ukimvalisha Zeus suti. Hekalu limebaki nguzo, watalii wanapiga picha. Luanda Magere hajakwisha. Jiwe liko kule Kano, mnaweza kwenda kesho, na kuna watu bado wanaamini ukinoa kisu au mkuki pale hurudi mikono mitupu ukienda kuwinda. Ana ukoo, ana wajukuu wa wajukuu, wazee wanajua nani anaruhusiwa kusimulia nini na mbele ya nani. Sasa Baba Imani unataka kumpandisha matatu, umvishe miwani, aseme "niaje". Kesho mtu ataandika Gor Mahia, yule mganga wa Kanyamwa, anauza simu. Mimi niko sawa watoto wasome hao Wagiriki, wasome kabisa, lakini wetu waache jinsi walivyo. Kila kitu si cha kuchekesha.

Baba Imani, Free Area Nakuru:
Jaduong' nakusikia, na kwa heshima yote nauliza, Gor Mahia si tayari ni timu ya mpira? Tangu 1968 huyo mganga jina lake linapigiwa vuvuzela, anafungwa mabao, anatukanwa na mashabiki wa Ingwe, wale wa AFC Leopards, na hakuna mzee amekwenda kortini. Tumekubali awe kandanda lakini kitabu cha mtoto ni dhambi?

Jakano, Ahero:
Hapo umenishika lakini si sana. Mpira ni vita, alikuwa mtu wa vita.

Chebo, Molo:
Jakano, mimi naomba niongee na wewe kama shemeji, kwa sababu mume wangu ni wa kwenu na mimi ni Mnandi. Hii hadithi mnavyoisimulia, nani alimuua Magere? Sisi. Wazee wa kwetu walishindwa kwa mikuki wakampa msichana mrembo awe mke wa pili, msichana akamuuguza, siku moja amelala mgonjwa akamwambia amchanje dawa kwa kivuli na si kwa mwili, msichana akachanja kivuli kikatoka damu, usiku akatoroka akarudi kwao akasema. Vita vilivyofuata mkuki ukaelekezwa kwa kivuli na jamaa akageuka jiwe.

Mtoto wangu wa kwanza alisomewa hiyo hapa Nakuru darasani. Darasa lenye Mluo, Mkalenjin, Mkikuyu, Mkisii, wote wamekaa pamoja. Mwalimu hakuwa na nia mbaya. Lakini mtoto mmoja aligeuka akamwangalia akasema "kumbe ni nyinyi". Alikuwa mdogo, alikuja nyumbani akaniuliza yeye ni kwa upande wa nani, wa mkuki ama wa kivuli. Na sisi wote tunajua Januari 2008 ilikuwaje hapa Nakuru, nani alihama, nani alichomewa, sihitaji kuandika.

Kwa hivyo mimi nimeona kwa nini Wagiriki ni rahisi. Sparta haina MCA wa kaunti. Ukisema mtu wa Troy ni adui, hakuna jirani yako anaitwa hivyo. Hadithi zetu kila zimwi lina kaunti. Otis anasema zinachosha kwa sababu zina mafunzo mengi, mimi nadhani waandishi wanaogopa, ndio wanabaki na sungura na fisi, hao hawapigi kura.

Kijana wa Kondele:
Mama umeua. Sungura hapigi kura 😭

Baba Imani, Free Area Nakuru:
Chebo hiyo ya mtoto wako imenikalisha chini. Na naona umefika mahali mimi nilikuwa nazunguka tu. Lakini mimi napeleka upande mwingine. Kwa vile vitabu vya Riordan yule kijana ni nusu mtu nusu mungu, na shida yake yote ni kwamba pande zote mbili hazimtaki kabisa kabisa. Baba hajulikani aliko, shule zinamfukuza, kwa kampi nako wanamwangalia vibaya. Watoto wanampenda kwa sababu ya hiyo, panga na radi ni ziada tu. Sasa mtoto wako aliyeuliza yeye ni wa mkuki ama wa kivuli, huyo si ndiye? Nakuru imejaa hao. Baba wa Bungoma mama wa Nyeri, baba Siaya mama Nandi Hills, Kiluo haongei, Kinandi haongei, likizo anapelekwa ushago moja anaulizwa "na huyu ni wetu?"

Na yule msichana wa Kinandi, hakuna mtu amewahi kumuuliza. Alitolewa na babake kama zawadi ya amani kwa adui wa watu wake, akavushwa mpaka Kano ambako hajui lugha, akakabidhiwa mwanamume wa jiwe. Mwalimu analia kuhusu Medusa amechujwa, huyu wetu hata jina hajapewa kwa simulizi nyingi! Ni "mke Mnandi". Mimi mwandishi mwenye kipaji akiichukua leo, aanzie kwake.

Chebo, Molo:
Aanzie kwake, na asimwite msaliti kabla hajafika ukurasa wa mwisho.

Kijana wa Kondele:
Aya subirini. Wacha niwape. Yule dame alitoroka Kano akiwa na mimba. Hadithi haisemi, lakini pia haisemi hakuwa nayo. Mtoto akazaliwa upande wa Nandi, na kizazi baada ya kizazi kuna mtoto mmoja anazaliwa ambaye kivuli chake kinafanya kitu kingine. Sasa ni leo, binti, Grade 7, anakaa Nakuru Kaptembwo na mamake anauza mitumba, na saa sita mchana wakati wenzake vivuli vimeisha chini ya miguu, chake kimelala kirefu, kinaelekea upande wa Kisumu. Mwalimu wa PE anamwona. Mwalimu wa PE si mtu mzuri. Anapanda matatu usiku, wanafika Londiani kwa ukungu dereva anasimama anasema kuna mtu mbele barabarani, na hakuna mtu. Chemosit, lile zimwi la Wakalenjin, mguu mmoja, mdomo mwekundu unawaka kama taa. Nasimama hapo, nina job asubuhi.

Otis, Milimani Kisumu (simu ni ya mathe):
HAPANA USISIMAME

Otis, Milimani Kisumu (simu ni ya mathe):
Kreta ya Menengai iwe ndio mlango wa chini. Watu husema wamewahi kupotea huko mchana kweupe.

Abu Zaynab, Mumias:
Nami nauliza kivuli kikikatwa na vioo vya magari je. Endelea kijana.

Mkutubi, Kisumu:
Nimefanya kazi na vitabu muda mrefu kwa hivyo niwape ya ndani kidogo. Msidhani watu wa huku hawajaandika. Grace Ogot aliandika hadithi ya Oganda, binti wa chifu anayepelekwa kwa zimwi la ziwa ili mvua inyeshe, na mpenzi wake Osinda anamfuata na kumwokoa, imo kwenye mkusanyiko wake wa 1968. Mwalimu wa Kakamega ataniambia hiyo ni Andromeda na Perseus mtupu, binti wa mfalme amefungwa kwa mwamba zimwi la bahari lije limle. Tofauti ni kwamba kwa Ogot mvua inanyesha hata baada ya binti kuokolewa, na hapo unabaki unajiuliza wazee walikuwa wanaua kwa nini. Asenath Bole Odaga hapa hapa Kisumu alikusanya hadithi, akaanzisha uchapishaji wake mwenyewe akatoa vitabu kwa Kiluo na Kiingereza. Na huyu Omtatah, seneta wa Busia mnayemjua kwa kesi za korti, kabla ya hizo kesi alikuwa mwandishi wa michezo ya kuigiza, na 1991 alichapisha mchezo juu ya Luanda Magere. Kwa hivyo Jakano, jiwe lilishapandishwa jukwaani kitambo.

Shida ni soko. Mchapishaji hapa anakula kwa shule. Shule inanunua kile KICD, ile taasisi ya serikali ya mitaala, imepitisha. Kwa hivyo mwandishi akiketi kuandika hadithi ya mtoto, yule msomaji aliye kichwani mwake ni afisa mwenye fomu, anatafuta maadili, umoja wa kitaifa, lugha sanifu, mtoto asiyemjibu mwalimu. Otis hayumo kwa hiyo hesabu. Kitabu kinatoka safi, hakuna mtoto anakiiba. Ndio maana ule msemo wa Baba Imani wa ufahamu ni kweli, hadithi zinaandikwa tayari zikielekea mtihani. Linganisha na Shujaaz ile katuni ya Sheng iliyoanza 2010, ilikuwa inatoka bure ndani ya gazeti, haikupitia fomu ya mtu, na vijana walikuwa wanaifuata. Kusoma wanapenda.

Huko Marekani Riordan mwenyewe alitumia jina lake kufungulia wengine mlango, akawa anasaidia kutoa vitabu vya waandishi wa asili nyingine waandike mizimu ya kwao, wa kwanza alikuwa wa hadithi za Kihindi 2018, na 2019 Mmarekani mweusi Kwame Mbalia akaleta Anansi, yule buibui mjanja wa Afrika Magharibi. Afrika Magharibi wameshafika. Sisi tuko Londiani kwa ukungu.

Jakano, Ahero:
Mkutubi, mchezo wa Omtatah niliuona shuleni, ulikuwa na heshima. Hakukuwa na mwalimu wa PE. Lakini huyo mtoto wa kivuli... kijana wa Kondele ni wa wapi kabisa, watu wako?

Kijana wa Kondele:
Jaduong' baba ni wa Nyakach, mama ni wa Kapsabet. Ndio maana.

Chebo, Molo:
Nilijua!!

Mama Shiru, Lanet:
Nimerudi nimepata mmetoka kwa Zeus mko kwa Chemosit, haya. Mimi kura yangu haijabadilika, Ijumaa hedi akiita mkutano nitasema pesa ya pamoja isinunue hivyo vya Wagiriki, mwenye kutaka amnunulie wake, sitamzuia. Kwa shule ni tofauti, pale mtoto anaambiwa hiki ni kizuri na mtu mkubwa mwenye chaki. Na hicho cha kivuli pia nitataka kujua kinaombewa na nani mle ndani, msifikiri kwa sababu ni chetu nitafumba macho. Mizimu ni mizimu, iwe ya Kano iwe ya Athens.

Baba Imani, Free Area Nakuru:
Hiyo ni haki, Mama Shiru, angalau wewe unapima wote kwa kipimo kimoja. Ijumaa tutakutana, mimi nitapiga ya kununua na nitaomba tuongeze hapo kile cha Grace Ogot, nione kama utakikataa na mvua ile ya mwisho.

Mama Shiru, Lanet:
Nilete nikisome kwanza. Saluni asubuhi haina watu.

Jakano, Ahero:
Kondele sikia. Kabla hujaandika hata ukurasa wa pili, uje Kano uongee na wazee, na uje na mamako, wamsikie na yeye upande wake. Usije mikono mitupu. Na huyo mwalimu wa PE mtoe.

Otis, Milimani Kisumu (simu ni ya mathe):
Mwalimu wa PE abaki tafadhali.